Sauti ya Nyapara

Katika kiwanda kile cha mikate, aliyebeba trei la moto hakuwa na muda wa kuomba njia. Alipiga kelele neno moja tu, na waliokuwa mbele yake wakaegemea ukutani mpaka trei lipite. Kwingine wangesema "moto" au "pisha". Wao, tangu siku za mama zao, walisema "Ukoko."

Neno lenyewe hawakulitunga wao. Babu zao waliletwa mjini kwa malori, kutoka ng'ambo ya mpaka, kuja kuchimba njia ya reli. Kwa kuwa weusi wao ulikuwa umekolea kuliko wa wenye mji, na kwa kuwa walipewa kulala bondeni na kazi za chini, wenye mji wakawaita ukoko: kile kilichoungua kikagandia chini ya sufuria. Reli ikaisha, malori hayakurudi kuwachukua, jina likabaki nao. Waliitwa hivyo sokoni, waliitwa hivyo shuleni, na mwishowe walichoka kuumia wakaanza kuitana wenyewe. "Ukoko, za toka jana?" "Ukoko mwenzangu, niazime mwavuli." Wachumba waliitana hivyo. Mwenye mji akilisema lilikuwa tusi. Wao wakilisema lilikuwa utani, na siku nyingine lilikuwa zaidi ya utani.

Hamira alikuwa mmoja wa waliolipenda neno hilo. Hamira halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu ndiye aliyepima hamira kila asubuhi, na wenzake walisema pale kiwandani hakuna kinachoumuka bila yeye. Mama yake alifanya kazi hapohapo kabla yake, kwenye meza ileile ya kukandia, na kila jioni alipofika nyumbani alisimama mlangoni na kuuliza, "Ukoko wangu uko wapi?" Hamira, mtoto wakati huo, alitoka mbio na kuanza kumpekua. Mfuko huu, hamna. Mfuko wa pili, hamna. Mpaka mkono ufike kwenye kilemba, na humo kulikuwa na kipande cha mkate kilichopita bila kuonekana. Basi kwake yeye neno lile lilikuwa na harufu ya mkate, na aliyetaka kumweleza kwamba ni tusi alikuwa anajichosha bure.

Wa kuogopwa katika kuupitisha mkate ule alikuwa nyapara. Alikuwa mwenye mji, mtu mrefu, sauti nzito iliyokwaruzwa na tumbaku, na kila akimaliza kusema alikohoa kidogo. Kazi yake hasa ilikuwa mlango wa nyuma. Zamu ikiisha alisimama pale akasema, "Ukoko, simama." Nao walisimama, wakatanua mikono pande zote mbili, naye akawapekua mmoja baada ya mwingine asije mtu akatoka na unga. Waliouza mkate kule mbele, kwenye kaunta, walikuwa wenye mji. Hao walitoka kwa mlango wa mbele na hawakupekuliwa. Nyapara alikufa akazikwa Hamira akiwa bado msichana mdogo, aliyemjua kwa kumngojea mama yake nje ya mlango ule. Mlango wa nyuma ukapata mlinzi mwingine, na upekuzi ukaendelea.

Sauti yake ilirudi Jumatatu moja asubuhi, kupitia kinywa cha Fundi Tanuri.

Fundi Tanuri alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kisauti chembamba ambacho wenzake walisema amekiazima kwa mtu na hataki kukirudisha. Alitoa trei tanurini, akageuka, akapiga kelele kama siku zote. Neno likatoka kwa sauti ya nyapara, nzito, na mikwaruzo yake, na kikohozi chake mwishoni. Mbele yake alikuwa msichana wa kupanga mikate, ambaye alizaliwa nyapara akiwa keshaoza. Badala ya kuegemea ukuta, msichana alisimama wima akatanua mikono. Trei likamgonga mkono wa kulia, chini ya kiwiko.

Walimwekea mkono kwenye ndoo ya maji. Fundi Tanuri aliokota mikate iliyomwagika, akasema kwa kisauti chake mwenyewe, "Samahani, dada. Sikuwa mimi."

"Ni yule marehemu," Hamira akasema. "Hujasikia hata kikohozi?"

"Nimekisikia."

"Basi ndiye."

Wakarudi kazini, maana unga ulikuwa umeshaumuka na ukiachwa unalala. Kufikia saa ya chakula walikuwa wamekwisha kuielewa hali ilivyo. Maneno mengine yote yalibaki ya mwenyewe. Lile moja tu ndilo lililokuwa la nyapara. Mtu akisema, "Ukoko mwenzangu, nipe chumvi," mwanzo alikuwa marehemu, mwisho alikuwa yeye. Na kila aliyeitwa alitanua mikono, awe ameshika kikombe au kisu. Vikombe viwili vitatu vikavunjika. Baadaye watu walikula kimya, si kwa woga, ila kwa kuokoa vyombo.

Mchana huohuo, kupitia ukuta mwembamba, walimsikia mteja kwenye kaunta akilalamika kwamba mkate haukuiva katikati. "Umekandwa na ukoko gani huu?" aliuliza. Kwake neno lilitoka kwa sauti yake mwenyewe, safi, bila mkwaruzo. Walio nyuma waliendelea kukanda. Hakuna aliyetegemea iwe vingine.

Kesho yake tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa nyuma. Lilisema kwamba kwa ajili ya usalama ni marufuku kutamka "lile neno" ndani ya kiwanda, na atakayelitamka atarudishwa nyumbani. Chini yake kulikuwa na sahihi ya meneja. Meneja alikuwa mwenye mji, kijana nadhifu, mjukuu wa nyapara. Mtu mmoja alimuuliza mbona tangazo halikubandikwa na kule kaunta. Meneja alieleza kwa upole kwamba kule mbele hakuna trei la moto.

Wakajifunza kusema "moto". Ulimi ulikuwa mzito siku za mwanzo, halafu ukazoea, kama unavyozoea kila kitu. Kiwandani, mambo yakatulia.

Shida ya Hamira ilikuwa nyumbani. Mama yake alikuwa amelazwa kwenye chumba cha mbele tangu kiharusi kilipompiga. Kilimchukulia mkono wa kushoto, mguu wa kushoto na maneno yote isipokuwa lile. Akitaka maji alisema ukoko. Akitaka dirisha lifungwe alisema ukoko. Na Hamira akiingia kutoka kazini, mama alilisema kwa namna nyingine kabisa, akilivuta, na nusu ya uso iliyobaki hai ikachanua. Miezi yote hiyo Hamira hakuhitaji neno la pili. Alijua kwa mvuto wa sauti kama ni maji, ni dirisha, au ni yeye anayeitwa.

Jumatatu ile alipofungua mlango, nyapara alimwita kutoka kitandani. Mikono yake ikatanuka, funguo zikaanguka sakafuni. Mama alikuwa anamtazama na nusu ya tabasamu lake. Neno lilikuwa limevutwa vilevile, kwa mapenzi yaleyale, ila sauti ilikuwa ya mtu wa mlango wa nyuma, na mwishoni mama mtu akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa chake.

"Abee, mama," Hamira akasema, mikono ikiwa hewani.

Mama hakuonyesha kuona tofauti yoyote. Au aliiona na akaizoea. Alikuwa ameisikia sauti ile kila jioni ya ujana wake, na huenda hata alipokuwa mzima bado aliisikia mle ndani ya neno, akawa anaifunika kwa yake ili mtoto asiisikie. Hamira alilifikiria jambo hilo wakati anaokota funguo. Alitegemea liumize. Halikuumiza, alihisi tu ganzi, ile ya mkono ulioulalia.

Binti yake Hamira alikuwa anasoma ualimu. Alilichukia neno tangu utotoni. Shuleni aliitwa hivyo na waliomchukia, akavumilia. Kisha rafiki yake, mtoto wa wenye mji, alikuja kucheza nyumbani, akawasikia wanavyoitana, naye akaanza kumwita hivyo kwa kumpenda. Hilo la pili ndilo lililomshinda. Tangu hapo hakulitamka tena, na mama yake alipomwita hivyo hakuitika.

Jioni ile aliingia na vitabu kifuani, bibi yake akamwita, vitabu vikamwagika. Alisimama katikati ya chumba mikono imetanuka, akautazama mkono mmoja, kisha mwingine.

"Mama," akasema, "mimi sijawahi kukanyaga kiwandani kwenu."

"Najua."

"Sijawahi kupekuliwa hata siku moja. Hii mikono imejulia wapi?"

"Inashuka yenyewe. Subiri kidogo."

Walisubiri, ikashuka. Binti akakusanya vitabu vyake, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda.

"Nilikwambia, mama. Lile neno lina mwenyewe."

"Mwenyewe alishakufa. Sisi tukalichukua. Mama yangu kalilea kwa mikono yake miwili, kanilea mimi nalo."

"Sasa huyo anayeongea hapa kitandani ni nani?"

Hamira akaenda kuinjika chai.

Kuanzia siku iliyofuata binti alianza kumfundisha bibi yake neno jingine. Alimkalia karibu kila alasiri, akamshika kidevu kwa adabu. "Bibi, nitazame mdomo. Sema: mwanangu. Mwa-na-ngu." Bibi alimtazama mdomo kwa makini yote aliyobakiwa nayo. Alikusanya midomo, akavuta pumzi, shingo ikamsimama mishipa. Kisha akasema, "Ukoko," kwa sauti ya nyapara, akakohoa. Mikono ya binti ikapanda. Baada ya kumwagikiwa na chai alijifunza kukiweka kikombe chini kwanza. Wakaanza tena. Alikuwa mwalimu mzuri, hakumkaripia wala hakumkatia tamaa upesi. Ila alasiri moja bibi alilia kwa jicho moja, lile la upande mzima, na binti akafunga somo.

Akaja na kengele ndogo ya kushika mkononi. "Bibi, ukimtaka mama, piga hii. Huna haja ya kusema kitu." Bibi aliigeuzageuza kengele, akaitia chini ya mto, na jioni Hamira alipoingia akamwita vilevile.

"Umwambie aitumie," binti akasema.

"Kengele anaitiwa mhudumu wa hoteli. Mimi naitwa na mama yangu."

"Unaitwa na nyapara, mama."

"Ninaitwa na wote wawili," Hamira akasema. "Ndilo neno pekee alilobaki nalo, na bado analitumia kuniita mimi. Nikimnyang'anya hilo atabaki na nini? Na mimi nitabaki na nini?" Alilisema bila kupandisha sauti, akaendelea kumpaka mama yake mafuta mguuni. Binti alitoka nje akasimama barazani mpaka kibaridi kikamrudisha ndani.

Katikati ya wiki ileile ya kwanza meneja alimwita Hamira ofisini. Wenzake walimsindikiza kwa macho, maana aliyeitwa ofisini kwa kawaida alirudi kuchukua vitu vyake tu. Alifuta mikono kwenye aproni, akabisha.

"Funga mlango," meneja akasema. Akasogeza kalamu. "Ni kuhusu lile neno."

"Sijalisema, bosi. Tangu tangazo sijalisema humu ndani."

"Najua. Nataka uliseme."

Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha ya nyapara kwenye fremu, amevaa koti, amebeba mtoto mabegani, anacheka. Hamira hakuwahi kumwona akicheka, wala hakujua kwamba alikuwa na meno mazuri.

"Huyo mtoto ni mimi," meneja akasema. "Babu ndiye aliyenilea. Alikuwa akinisimulia hadithi mpaka nisinzie. Hatukuwahi kuirekodi sauti yake, na nimeshaanza kuisahau. Juzi nilikuwa napita koridoni nikamsikia kule kwenu. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka."

Hamira aliitazama picha, akaelewa kwamba kwa mtu huyu pia sauti ile ilikuwa na harufu nzuri ya kitu fulani. Hakumwonea huruma, wala hakumchukia. Aliona tu kwamba kwa mara ya kwanza anaombwa kitu pale kiwandani, badala ya kuamriwa.

"Nikilisema, utatuondolea upekuzi mlango wa nyuma?"

Meneja alikuna kichwa. Ilionekana anataka kwa dhati kumsaidia. "Hilo haliko mikononi mwangu. Ni utaratibu wa kiwanda tangu zamani."

"Tangu nani?"

Meneja hakugeuka kuitazama picha. "Mara moja tu, dada. Tafadhali."

Angeweza kukataa. Alimfikiria mama yake, dawa zake, binti na masomo yake, na mlango ule alioufunga mwenyewe. Akafungua kinywa akasema, "Ukoko." Hakulitia mapenzi wala ubaya. Nyapara akatoka, mkwaruzo na kikohozi, akakijaza chumba. Meneja alifumba macho. Mikono yake ilibaki mezani ilipokuwa, imetulia, kidole hakikutikisika.

"Babu kabisa," akasema baadaye. "Asante sana."

Tangu hapo aliitwa kila wiki. Fundi Tanuri alimtania kwamba amepandishwa cheo, kawa redio ya meneja, na wote wakacheka, Hamira naye akacheka. Tangazo lilibaki mlangoni. Msichana wa kupanga mikate alilitamka siku moja kwa kujisahau, alipokaribia kuteleza, akarudishwa nyumbani, na kovu lake mkononi bado jekundu. Hamira alikwenda kumsemea. Meneja alisikitika, akasema tangazo ni tangazo. Kisha akamwomba afunge mlango.

Ijumaa iliyofuata Hamira alimaliza kufuta meza, akavua aproni, akaingia kwenye foleni ya mlango wa nyuma. Mlinzi wa siku hizi alikuwa kijana mwenye adabu, na alikuwa ameelekezwa asitumie lugha mbaya.

"Shikamoo, mama," akasema. "Samahani, nakuomba usimame kidogo."

"Marahaba." Akasimama, akatanua mikono. Kijana alipapasa mfuko mmoja, akapapasa wa pili, akafungua mkoba akaufunga vizuri. Halafu, akiomba radhi tena, akamgusa kilemba pande zote, kwa kuwa siku hizi walikuwa wamejua habari za vilemba. "Safari njema, mama. Msalimie bibi." Neno lile halikutamkwa. Kwa kweli hakuna aliyelihitaji.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado dirishani. Binti alikuwa ameketi kwenye kiti chake na kitabu, kengele iko mapajani, haina kazi. Uso wa mama ukachanua nusu.

"Ukoko," nyapara akaita kutoka kitandani, akilivuta kwa mapenzi yote ya dunia, akakohoa.

Mikono ya Hamira ikapanda. Siku zote alisimama mlangoni akaingoja ishuke. Safari hii alikuwa amechoka mno hata kungoja, akatembea nayo hivyohivyo mpaka kitandani, akainama juu ya mama yake huku imetanuka.

Mama alimtazama kwa muda. Kisha mkono wake mzima ukainuka kutoka kwenye shuka, taratibu, ukaingia kwenye mfuko wa gauni la Hamira. Ukapapasa, ukatoka. Ukaingia kwenye mfuko wa pili, ukatoka. Ukapanda, ukapita bega, ukafika kwenye kilemba, vidole vikaingia chini ya mkunjo na kutafuta humo, upande huu na upande ule, kama anayejua hasa kitu kinapowekwa.

Hapakuwa na kitu. Mlinzi alikuwa amefanya kazi yake vizuri.

"Sina, mama," Hamira akasema. "Leo sina."

Mama aliuacha mkono wake palepale, juu ya kichwa cha mwanawe. Akaita tena, polepole, na mikono ya Hamira, iliyokuwa imeanza kushuka, ikapanda, na kule kwenye kiti ya binti ikapanda pia, kengele ikabiringika mpaka chini ya kitanda.